Asali ya Nyuki Wadogo na Sikio la Kushoto

Nianze na upumbavu wangu, maana nisipousema mimi, Mama Sechelela wa nyumba ya pili atausema, na yeye huongeza chumvi. Nilijitia asali sikioni. Wala si tone moja la bahati mbaya. Niliipasha moto kwenye kijiko juu ya jiko la mkaa, nikalala ubavu, nikajimiminia mwenyewe, nikaziba kwa pamba, nikajiona nimemaliza kazi. Nikarudia siku tatu. Asubuhi ya siku ya nne niliamka nikakuta sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani. Wamepanda kitanda, wamekatiza juu ya bega la mume wangu bila kumgusa, wakaja moja kwa moja kwangu.

Mume wangu, Baba Kulwa, alikuwa ameshaamka, amekaa anawatazama. Ni mtu mpole, alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na ana sauti ya chini kama mtu anayeungama. Alisema, "Mama Kulwa, wageni wako wamefika."

Msomaji wa mbali atashangaa. Lakini hapa kwetu Tabora asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ni dawa kabla ya kuwa chakula. Kifua, asali. Kidonda, asali. Jicho jekundu, asali. Shemeji yangu Maganga, mdogo wake Baba Kulwa aliyekuwa akikaa Kigwa, alikuwa akituletea chupa ndogo kila msimu, na hiyo chupa tuliitunza kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo. Basi nikajiuliza: kama inaponya jicho, sikio ni nani hata likatae? Nilisoma mpaka kidato cha nne. Alama yangu ya biolojia sitaiandika hapa.

Ukweli ni kwamba sikio la kushoto lilikuwa likinisumbua tangu utoto. Mvua zikianza, au maji yakiingia wakati wa kuoga, linatoa usaha wiki mbili tatu, kisha linakauka lenyewe. Nilikuwa naficha harufu kwa pamba na kitambaa cha kichwa. Hospitali iko umbali ambao mtu anakwenda na kurudi kabla chai haijachemka, lakini mimi ni mtu wa nyumbani. Nashona sare za shule kibarazani kwangu, Chemchem, na sioni sababu ya kwenda mahali ambapo cherehani yangu haipo. Mababu zetu walibeba meno ya tembo kwa miguu kutoka hapa hadi pwani wakarudi. Mimi kwenda Ipuli tu, hapa hapa mjini, kwa binti yangu Kulwa naanza kuaga tangu Jumatatu.

Sisimizi ndio walionitoa nyumbani. Ilikuwa mwisho wa maembe, mvua zimekolea.

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa masikio, ngoja nikueleze. Nesi anatoka mlangoni na mafaili, anaita jina kwa mdomo. Hakuna anayeinuka. Anaita tena. Watu ishirini wanamtazama kwa upole. Anakasirika, anaita jina lingine, na huyo naye hainuki. Ukilifikiria jambo hilo vizuri utacheka, lakini mimi siku ya kwanza sikucheka, maana nilikaa pale tangu asubuhi mpaka jua la utosi, na jina langu, niliambiwa baadaye, lilikuwa limeshaitwa mara nne.

Aliyetuokoa alikuwa mzee mmoja wa mjini, mshona kofia, sikio lake la kulia bado zima. Hakuna aliyempa kazi ile. Alikaa karibu na mlango, sindano na kofia mkononi, na kila aliyeingia akimwamkia shikamoo, yeye aliitikia marahaba kisha akamuuliza jina. Nesi akiita, mzee anageuka, anamtafuta mwenye jina, anampungia kofia. Nilikwenda kliniki ile mara nyingi mwaka ule, na nilikuwa nikifika natazama kwanza kama yupo. Siku ambazo hayupo nilijua nitalala na njaa.

Daktari alikuwa binti wa umri wa Kulwa wangu. Aliingiza taa yake, kisha akaanza kutoa vitu. Kwanza pamba. Halafu pamba nyingine, ambayo naapa siikumbuki. Halafu sisimizi mmoja aliyekuwa ameshafariki. Alivipanga kwenye kisahani cha chuma kama mtu anayekusanya ushahidi. Akaniinamia ili nimwone mdomo.

"Mama," akasema, "sikio si mzinga."

Alinieleza kwamba ndani kuna ngozi nyembamba, kiwambo cha sikio, kama ngozi ya ngoma, na changu kina tundu. Tundu hilo ni la siku nyingi, si la asali. Asali ilipita humo humo ikaenda kukaa ndani, mahali ambapo hakuna kitu kinachopaswa kukaa. Alieleza na mengine, lakini siwezi kukuandikia, kwa sababu sikuyasikia. Niliitikia tu kwa kichwa. Kumbuka hilo neno, kuitikia kwa kichwa. Ndio ugonjwa wenyewe. Lile la usaha lilikuwa dogo.

Nilipewa matone. Asubuhi na jioni nilale ubavu, Baba Kulwa anidondoshee, nihesabu mpaka mia tatu kabla ya kuinuka. Sikio lisiingie maji hata kidogo. Nikawa naoga na pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, kichwa nimekiinamisha upande mmoja kama kuku anayetafakari. Wakati wa uyoga ulikuja ukapita, nikamaliza chupa ya kwanza. Karanga ziling'olewa, nikamaliza ya pili. Michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, nilishindwa kuitafuna kwa miezi, taya likisogea maumivu yanapanda mpaka kwenye jicho. Nikiinuka haraka kutoka kwenye cherehani, nyumba inazunguka, nashika ukuta na kusubiri irudi mahali pake. Na kuvuma sasa. Sikio lilikuwa linavuma mchana kutwa, mvumo mmoja usiokata, kama kwamba ile asali ilikuja na nyuki wake.

Usaha ulikauka. Daktari alifurahi, na mimi nilifurahi kwa sababu yeye amefurahi. Ila kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia, wala sikumwambia mtu yeyote. Lile sikio langu la kulia, lile zuri, nalo lilikuwa linaondoka. Taratibu, bila kuaga. Mwanzoni nilidhani watu wa Chemchem wote wameanza kunong'ona. Nikamlaumu Kulwa kwamba simu yake mbovu. Nikalaumu kwaya ya kanisani kwamba imelegea siku hizi. Nililaumu kila mtu ila sikio.

Kisha nikabuni njia zangu. Mtu akiongea akimaliza kwa kupandisha uso, nasema "sawa." Wengine wakicheka, nacheka. Uso ukiwa wa huzuni nasema "Mungu yupo." Kwa mbinu hizo tatu niliishi miezi, na nilijiona mjanja. Njia zangu zilifanya kazi kwa watu wote isipokuwa wawili.

Wa kwanza ni Mama Sechelela. Yeye ni Mgogo, aliolewa huku miaka mingi, na Wagogo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Wapagazi wetu walikuwa wakipita kwao wakielekea pwani, wanakunywa maji ya visima vyao na kulipishwa hongo, ushuru wa njia wa zamani zile, na hayo maji hayajaisha kudaiwa mpaka leo. Kila asubuhi alikuwa akipita kwenye michongoma yangu ananitupia neno, mimi namrudishia kali zaidi, ndipo anakwenda sokoni ameshiba. Mtaa mzima ulitujua. Sasa akinitupia neno, mimi natabasamu. Alirudia siku kadhaa, kisha akaacha kupita upande wangu. Nilimwona akizunguka njia ya nyuma. Nikajiambia labda ana haraka.

Wa pili ni Baba Kulwa. Mtu mwenye sauti kama ile akiishi na mke asiyesikia, mmoja wao lazima achoke. Mwanzoni alikuwa akirudia. Baadaye akirudia mara moja tu. Kisha akaanza kusema "basi, si kitu." Hilo neno nililijua kwa kulisoma mdomoni, ndilo neno nililolisoma vizuri kuliko yote. Basi, si kitu. Ukiambiwa hivyo mara tatu kwa siku, unaona nyumba yako inageuka stesheni, watu wapo ila kila mmoja anangoja safari yake. Jioni tulikuwa tunakaa kibarazani, yeye na redio yake, mimi na kushona kwangu, na wala hatukuwa tumegombana.

Sasa nifike mahali ambapo sipendi kufika.

Ilikuwa kipupwe, upepo wa vumbi na baridi ya asubuhi. Jumatano moja nilikuwa nashona, mgongo umeelekea mlangoni. Baba Kulwa alisimama nyuma yangu akasema neno. Nilihisi tu kwamba amesema, kama unavyohisi mtu amepita. Sikugeuka. Nikasema, "Sawa."

Ijumaa asubuhi nilimwona amevaa koti lake la safari, amesimama mlangoni ananitazama. Mimi nilikuwa nimefunga kanga ya kazi, mikono imejaa unga. Nilidhani anakwenda kuonana na wastaafu wenzake. Alinitazama kidogo, akaondoka. Siku mbili hakurudi. Aliporudi hakusema alikotoka, na mimi, kwa vile nilishazoea kutoulizia ili nisijibiwe, sikuuliza.

Jumatano iliyofuata Kulwa alikuja mbio kutoka Ipuli, akanishika mabega, akaniambia usoni kwamba baba mdogo Maganga amefariki.

Tulikwenda Kigwa siku ile ile. Mjane wake alinipokea kwenye mkeka, akanikumbatia, mdomo wake ukawa kwenye sikio langu la kulia, ndiyo maana nilimsikia. Alisema, "Dada, alikungoja Ijumaa. Kaka yake alipoingia peke yake, akauliza, Mama Kulwa yuko wapi? Alikuwa amekuwekea chupa yako." Na kweli chupa ilikuwepo, imezibwa kwa gunzi la mahindi.

Hapo ndipo nilipoelewa ile sawa yangu ilikuwa ya nini: Baba Kulwa alikuwa ameniambia mdogo wake ni mgonjwa, anatungoja Ijumaa. Sikuweza kulia kama watu wanavyolia. Nilikaa tu na ile chupa kwenye mapaja.

Kesho yake tulikwenda kuzika. Kaburi lilikuwa tayari, na Mama Sechelela, ambaye alikuja kutoka mjini na wanawake wa mtaa wetu, akafanya alichotakiwa kufanya mtani. Alikwenda akakalia majembe. Vijana wakamwomba ainuke, akakataa. Akasema maneno ambayo mimi nilihadithiwa baadaye: kwamba Wanyamwezi walikunywa visima vya babu zake na hawajalipa, kwamba leo hii atoke mwanamke wa nyumba ya marehemu amjibu, la sivyo Maganga atafukiwa kwa vijiko.

Watu walicheka, wakanigeukia. Mimi nikacheka. Wakaendelea kunitazama. Mama Sechelela akasema tena. Nikaitikia kwa kichwa, nikatabasamu. Kicheko kikakatika. Niliona nyuso zikibadilika moja moja, niliona wifi yangu, dada wa marehemu, akiangalia chini, na Baba Kulwa amesimama upande wa pili wa kaburi la mdogo wake, ananitazama kama alivyonitazama ile Ijumaa mlangoni.

Mama Sechelela aliinuka kwenye majembe. Alinijia mpaka mbele, akanikagua uso. Kisha akawageukia watu, akapaza sauti kiasi kwamba hata mimi nilisikia.

"Mnadhani huyu ana kiburi. Hana kiburi, hasikii. Miezi sita ananichekea kama mbuzi anayepigwa picha."

Angeyasema hayo wifi, tungegombana mpaka leo. Angeyasema binti yangu, ningemwambia ana adabu mbovu. Lakini kwenye msiba mtani hakasirikiwi, hiyo ndiyo sheria, na katika watu wote waliosimama pale ni yeye peke yake aliyeweza kulisema lile jambo na likabaki limesemwa. Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo, halafu akagundua kwamba alikuwa na joto siku nyingi.

Hakuishia hapo. Aliinama, akaweka mdomo wake kwenye sikio langu la kulia, akanirudia dai lake lote neno kwa neno, visima, meno ya tembo, vijiko. Kisha akarudi akakaa tena juu ya majembe na kungoja.

Nikamjibu. Nikamwambia maji yenu yalikuwa ya magadi, babu zetu waliyatapika kabla hawajavuka mpaka, na hongo mkala, kwa hiyo ninyi ndio mnaodaiwa. Inuka tumzike mtu wetu.

Watu wakaangua kicheko chenye machozi ndani yake, yeye akainuka, na shemeji yangu akazikwa kwa majembe kama mtu mwenye heshima.

Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani, Baba Kulwa alivuta kigoda akakaa mbele yangu, upande wa pili wa cherehani. Hatukuwahi kukaa hivyo.

"Nilikuambia," alisema. Nilimsoma mdomo na nikamsikia nusu.

"Uliniambia mgongoni."

"Ukasema sawa."

"Huwa nasema sawa."

Akasema, polepole, akinitazama nimfuate: "Nilidhani hutaki kumwona mdogo wangu." Alikuwa amekaa na dhana hiyo siku zote zile, peke yake, na ile sauti yake ya kuungama. Nilitaka kujitetea nikaona sina cha kujitetea nacho. Nikamwambia tangu lini sisikii, na lipi, na kiasi gani. Ilichukua mchana mzima. Uji ulikauka kwenye sufuria.

Tangu siku hiyo akitaka kuongea nami anaanza kwa kugonga meza ya cherehani mara mbili kwa kidole. Mtetemo unanifikia mikononi, nageuka. Hakuna dawa niliyopewa iliyonisaidia kuliko huko kugonga mara mbili, na nawaambia wenye mgonjwa kama mimi nyumbani: usipige kelele, mwite kwanza, akuone. Na mgonjwa naye aseme. Watu hawawezi kukupazia sauti kwa kitu ulichokificha.

Kulwa ndiye aliyenitoa Tabora. Ilikuwa joto la kabla ya mvua, barua ya rufaa mkononi, safari ya treni mpaka hospitali kubwa ya mkoa mwingine. Nilifunga mizigo kama anayehama. Huko wakaniingiza kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, wakanivalisha vitu vya masikioni, wakanipa kitufe: ukisikia mlio, bonyeza. Nikaketi. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Nikawa nabonyeza vizuri tu, kwa utulivu, nikimtazama yule kijana mpimaji nyuma ya kioo. Akafungua mlango.

"Mama, sijaanza."

Kulwa alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilimwomba yule kijana msamaha, nikamwambia ni mazoea.

Tulipoanza upya nilijikaza kubonyeza pale tu niliposikia, na hapo ndipo nilipojua jinsi kimya kilivyokuwa kirefu. Karatasi ilitoka na mistari miwili inayoshuka kama paa la nyumba. La kushoto limepungua sana, la kulia limepungua vya kutosha. Tundu la kiwambo huenda likashonwa siku moja, sikio likikaa kavu muda mrefu, bado wananisubirisha. Kwa sikio la kulia nilipewa kifaa cha kusaidia kusikia, wenyewe wanakiita shimesikio. Kinakaa nyuma ya sikio, kidogo kama punje ya karanga.

Usidhani ukikivaa unarudi ulivyokuwa. Siku ya kwanza nilisikia mfuko wa plastiki na nikadhani nyumba inaungua. Nilisikia ndala zangu mwenyewe. Nilisikia Baba Kulwa anavyokunywa chai, na kwa miaka hii yote sikujua nimeolewa na mtu anayekunywa chai kwa kelele namna ile. Kichwa kiliniuma wiki mbili. Kila sauti inaingia na ukubwa ule ule, sufuria na mtu sawasawa, na wewe ndiye wa kuchagua. Kuchagua kunachosha. Mpaka leo ikifika mchana nakivua, nakirudisha kwenye kiboksi chake, nakaa kwenye kimya changu na wale nyuki. Sitasema nimepona. Nasema nimechoka kwa namna iliyo bora kuliko ya zamani.

Ile chupa ya mwisho ya Maganga iko kabatini. Tunailamba kwa ncha ya kijiko, mimi na mume wangu, siku za Jumapili. Kwa mdomo.

Sasa ni wakati wa uyoga tena. Juzi mchana nilikuwa kibarazani, kifaa kiko kwenye kiboksi, nimechoka na kelele za dunia. Mama Sechelela, ambaye siku hizi amerudi kupita upande wangu, akaja na beseni la uyoga kichwani. Akasimama kwenye michongoma, akaanza kusema neno, mkono kiunoni, uso wa utani kabisa. Sikusikia kitu. Na mimi, Mungu anisamehe, baada ya yote haya, nikacheka.

Alishusha beseni chini, akaja mpaka mbele ya cherehani yangu, akagonga meza mara mbili kwa kidole, sijui nani alimfundisha. Nikainua uso, akasema taratibu nimwone mdomo:

"Nenda kavae sikio lako ndipo uje. Mimi nimechoka kuchekewa na mtu ambaye hajanisikia."